Dhahabu Katika Mkojo Wangu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zangu zote za shule ya jioni, kwamba mkojo wangu una dhahabu. Sikuwa peke yangu. Kwetu sisi tulionunua dhahabu kati ya Koboko na Arua, habari hiyo ilijulikana kama inavyojulikana kwamba jua linachomoza upande wa Gulu. Ukichoma dhahabu kila siku, moshi wake unaingia mwilini, unazunguka, unatafuta njia, na mwishowe unatokea huko chini. Ndiyo maana, tuliambiana, hospitali hazitaki kikombe kimoja cha mkojo wa mchoma dhahabu kama zinavyotaka kwa watu wengine. Zinataka wa mchana na usiku, wote, kwenye jerikani. Unapelekwa Kampala, unakaushwa, na wakubwa wanavaa pete. Nilimjua mtu aliyemjua mtu ambaye jirani yake, huko upande wa mpaka wa Kongo, alijenga nyumba ya mabati kwa mkojo wa wafanyakazi wake. Nilipokuwa nikiisimulia mimi, nyumba ilikuwa ya ghorofa.

Naandika haya mikono yangu ikiwa imetulia. Haijatulia kama ya seremala, lakini inashika kalamu, na herufi "m" inatoka na vilima vyake viwili, si kumi na saba. Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi ya hospitali na chombo cha plastiki ndani ya mfuko mweusi, unaona aibu, na hujui watu wa maabara wana njaa gani na mkojo wako wote huo. Mambo ya kitaalamu sitayaeleza. Cheti changu cha shule ya jioni, nilichokipata pale Ediofe, mtaa wetu wa Arua, ndevu zikiwa zimeshanijaa, hakikufika huko. Nitakueleza yaliyonipata.

Jina langu Andama. Kazi yangu ilikuwa kununua dhahabu pamoja na shemeji yangu Wani, kaka wa mke wangu Keji. Wao ni Wakakwa wa Abuku, Koboko. Mimi ni Mlugbara wa Arua. Wani alikaa Koboko akiwapokea wachimbaji, wa kwetu na wale wanaovuka kutoka Sudan Kusini, halafu mzigo ulikuja kwangu Arua. Mchimbaji haleti dhahabu safi. Analeta kidonge cha kijivu, laini kama ugali uliolala, kwa sababu ameikamata ile dhahabu ya vumbi kwa zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji. Kazi yangu ilikuwa kuweka kidonge hicho kwenye karai juu ya sigiri na kukichoma mpaka zebaki iondoke na moshi, na karaini ibaki dhahabu ya njano, ya kuuza. Kiangazi nilichoma nje. Mvua ikianza nilihamia jikoni, pale pale Keji alipopika. Moshi wenyewe hauna harufu ya kumwonya mtu. Jikoni kwetu kulinukia maharagwe tu.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Niliamka asubuhi moja nikionja chuma, kana kwamba nimelala nikimung'unya sarafu, na ladha hiyo haikuondoka kwa chai, kwa ndizi, wala kwa pilipili ya mama mkwe ambayo inaweza kumtoa shetani. Halafu fizi zikaanza kutoa damu. Halafu mikono. Kidole cha mwisho kilianza chenyewe, kikicheza ngoma ambayo vingine havikuisikia, na kabla mahindi hayajakauka shambani vyote kumi vilikuwa vimeingia uwanjani. Nikishika kikombe cha chai, nusu niliigawia meza. Kanisani Ediofe nilikuwa msomaji, kazi niliyoipenda kuliko hata dhahabu, maana ndiko watu walikoona kwamba shule ya jioni nayo ni shule. Jumapili moja karatasi ilitetemeka mbele ya kipaza sauti mpaka watu wa viti vya nyuma wakageuka kutazama nje kama mvua imeanza. Sikusoma tena.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonivunja ni lingine, na watu wengi wenye ugonjwa huu hawalisemi. Nilianza kuona haya. Mimi, ambaye sokoni waliniita Redio kwa sababu sina kitufe cha kuzima, nilianza kujificha watu wakibisha mlango. Mtu akinisalimia njiani, moyo ulinidunda kana kwamba nimekamatwa na kuku wa wizi. Usingizi ulihama. Hasira ikaja badala yake. Nilimfokea Keji kwa sababu mchuzi umetiwa chumvi mara mbili, na kweli siku hizo alikuwa anatia mara mbili, nikamwambia kichwa chake kimekuwa kikapu. Alikuwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuuliza habari za kichwa chake, wakati nyumba nzima ilikuwa inatazama mikono yangu?

Siku niliyomwangusha binti yetu Aseru, Keji hakupiga kelele. Nilikuwa nimembeba tu, mikono ikamwachia, akaangukia mkeka. Hakuumia. Mama yake akamwokota, akafunga nguo zao kwenye kitambaa, akaniambia neno moja tu mlangoni.

"Sina hasira na wewe. Ninaogopa mikono yako. Ikipona, tutarudi."

Wakaenda Abuku kwa mama yake. Hapo ndipo nilipojua kile ninachokitafuta hospitali. Watu wengine wanatafuta uhai. Mimi nilitafuta mikono ambayo mtoto anaweza kukaa ndani yake.

Hospitali niliyokwenda, hapo Arua, ina benchi ndefu kuliko barabara ya Koboko. Ukiketi mwisho wake, unazeeka kidogo kabla hujaitwa. Nilikaa nimekunja mikono kwapani ili isionekane. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja wa Sudan Kusini, mfanyabiashara wa samaki wakavu kwa harufu yake, aliyemleta mjukuu. Mwuza chai alipopita nilinunua, nikasahau hali yangu, na chai ikaanza kuruka. Yule mama alinyoosha mkono, akakishika kikombe changu kwa chini, akaendelea kutazama mbele, nami nikanywa mpaka mwisho. Kisha akakichukua akakirudisha kwa mwuza chai kama chake. Mpaka leo nikiombwa niseme ni nani aliyenitibu, namhesabu na huyo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Ezaru, mpole wa sauti lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwapani kwangu. Aliniambia nitoe mikono. Akaniambia niandike jina langu. Nikaandika kitu kama njia ya mchwa. Akaniuliza kazi, nikamwambia biashara. Biashara ya nini. Biashara tu. Akaendelea kunitazama mpaka nikasema dhahabu, na alipouliza tunachomea wapi, nikasema jikoni, aliweka kalamu chini.

Kisha akanieleza kipimo. Nisile samaki siku kadhaa. Halafu asubuhi nikiamka, mkojo wa kwanza nimwage, na kutoka hapo kila tone niliweke kwenye chombo alichonipa, cha plastiki, kisiguse chuma, kikae kivulini, mpaka asubuhi ya pili nikiamka, na ule wa kuamkia niutie pia. Wote uende Kampala.

Wewe msomaji unajua nilichosikia. Wote. Kampala. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa dawa, kumbe ndani nilikuwa nafanya hesabu. Nikiwa njiani nilimpigia Wani simu nikamwambia ile habari ni kweli, nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kwa daktari mwenyewe, wanataka kila tone. Na kwa kuwa sijui kueleza jambo dogo likabaki dogo, nikamwambia kwamba kwa miaka niliyochoma mimi, mkojo wa siku moja unaweza kumtolea mtu pete mbili na jino. Wani alinyamaza kwenye simu. Nilidhani mtandao umekatika.

Nilikwenda kukusanya Abuku, kwa sababu daktari alikuwa amenikataza kulala katika nyumba ile, na Arua ndugu zangu walikuwa wamejaa kama vifaranga. Lakini mwanamume kukaa ukweni ni adhabu yenyewe, na kukaa ukweni ukikusanya mkojo sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuhukumiwa hivyo. Kwa Wakakwa na kwetu pia, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka njia zinahama. Sitamtaja jina. Sitakula mbele yake. Akinikuta kwenye njia, mmoja wetu anaingia majanini. Na asinione kamwe, hata kwa mbali, nikielekea chooni. Sasa fikiria: mama huyu amekaa uani tangu asubuhi anachagua karanga, choo kiko ng'ambo ya ua, na mimi nimeambiwa ninywe maji vizuri.

Keji ndiye aliyeniokoa. Kila nilipobanwa alipiga kikohozi kidogo, mama akageukia ukuta na kujifanya anatafuta kitu kwenye ungo, nami nikavuka ua kama mwizi wa mbuzi, chombo kikiwa chini ya shuka. Aseru alinifuata akiuliza baba amebeba nini. Ndani ya choo nililenga kwa mikono inayoruka, nikimwomba Mungu lisimwagike tone. Na halikumwagika. Nilikuwa makini kuliko padri na kalisi ya divai. Kesho yake asubuhi chombo kilikuwa kimejaa karibu na shingo, nami nilikitazama kwa fahari ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya cheti.

Lakini ningekitoaje pale? Kukibeba mchana kweupe, kupita mbele ya mama mkwe, mkojo wangu mkononi? Afadhali figo zife. Wani alikuwa mtoto wa nyumbani. Kwake hakuna mwiko. Akakitia kwenye gunia, akakiweka kwenye pikipiki yake, akasema atapitia kwake Koboko mara moja kisha atakipeleka Arua mwenyewe. Nilimshika bega nikamshukuru. Nilifikiri: huyu ndiye shemeji.

Majibu yalichukua muda mrefu. Mvua zilianza, kumbikumbi wakatoka, watoto wakawakaanga, karanga zikachanua. Mimi nilikuwa nalishwa na mke wangu kijiko kwa kijiko ndani ya nyumba, mlango umefungwa ili mama yake asinione. Usiseme ni kitu kidogo. Mtu mzima akifunguliwa mdomo kama kifaranga, kuna kitu ndani yake kinainama. Keji aliniinulia kijiko akitazama ukuta.

Nilirudi Arua nilipoitwa kuchukua majibu. Daktari Ezaru alisema zebaki imeonekana, tena si haba. Hilo alilitarajia. Kilichomsumbua ni kingine: mkojo wenyewe ulikuwa mdogo sana kwa mtu mzima aliyekusanya mchana na usiku kucha. Akaniuliza kama nilimwaga, hata kidogo, hata kwa bahati mbaya. Nikaapa. Nilikasirika kabisa kwamba anaweza kunidhania hivyo. Akauliza kama nilikunywa maji. Nikamwambia nilikunywa mpaka nikasikia mawimbi.

"Basi inawezekana figo zako zimeguswa," alisema. "Zebaki inapenda kukaa huko. Sina uhakika, na kipimo cha damu cha figo kwa sasa hatuna, dawa za mashine zimekwisha. Lakini vidonge vya kutoa zebaki vinapita kwa figo. Siwezi kukupa kabla sijajua. Lazima uende Kampala, na nyumbani mzungumze, kwa sababu kama figo zinafunga, ni safari ndefu."

Alisema "inawezekana". Alisema "kama". Nayasikia maneno hayo sasa vizuri sana. Lakini njia ya kutoka Arua mpaka Abuku ni ndefu kwa mtu anayetetemeka, na neno "inawezekana" lilidondoka mahali fulani kabla ya Koboko. Nilipofika nilimwambia Keji kwamba figo zimekufa. Alipouliza zimekufaje, nikasema daktari amesema zimekauka zimekuwa kama karanga za kukaanga. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa maneno yananenepa. Usiku ule nilimsikia Keji akilia upande wa mama yake. Mimi niliikumbatia mikono yangu, nikaisikia ikihangaika kama panya wawili ndani ya mfuko. Bila figo hakuna vidonge. Bila vidonge hakuna mikono.

Wazee wa ukoo wa Keji waliitana kutafuta mtu wa kunipa figo yake moja. Lilikuwa jambo la ajabu, kikao cha ukweni kwa ajili ya mkwe, lakini Keji alikuwa amesema hatazika mume akiwa na umri wake. Walikaa uani. Mama mkwe alikaa pembeni kwenye mkeka wake, amenigeuzia mgongo kwa heshima. Mimi nilikaa chini kabisa karibu na ghala, macho kwenye vumbi. Wani alikaa katikati, mbele yake kikapu cha karanga, anabambua na kutupa, anabambua na kutupa, bila kula hata moja.

Baba mdogo wa Keji, mzee wa masikhara mazito, ndiye aliyefungua.

"Sisi tulipokea ng'ombe za huyu mtu, tukatoa binti. Hiyo ilikuwa sawa. Sasa anataka na figo? Watu wa Arua iko na njaa."

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikafa chenyewe, maana Keji hakucheka. Mzee akabadilisha sauti. Akasema mkwe ni mtoto, na mtoto haachwi. Akauliza nani ana mwili wa kuweza. Yeye mwenyewe ana sukari. Mwingine moyo. Macho ya ukoo mzima yakatembea polepole yakakusanyika kwa Wani, mzima kama fahali, mwenzangu wa biashara, mtoto wa mama yule.

Wani akaacha kubambua karanga.

"Figo ya Andama iko sawa," alisema.

Baba mdogo akamwambia asikimbie swali.

"Sikimbii. Iko sawa. Mkojo ingine iko kwangu." Alitazama mgongo wa mama yake, na jasho lilikuwa linamtoka kama amebeba gunia. "Nilikata nusu. Kabla ya kupeleka Arua. Iko kwa jerikani, nyuma ya nyumba."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Baba mdogo akauliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa mpya, nusu ya mkojo wa mkwe wao alikuwa anaitakia nini.

"Dhahabu ilikuwa yetu sisi wawili. Moshi yake ilikuwa yetu sisi wawili. Sasa mkojo inakuwa yake peke yake namna gani? Nilichunga haki ya biashara tu. Hata nimekausha kidogo kwa karai. Imebaki kama chumvi. Nilifikiri bado haijaiva."

Mama mkwe aliinuka, akajitanda kanga usoni, akaenda nyuma ya ghala. Tulimsikia huko. Keji aliniambia baadaye kwamba alikuwa analia na kucheka kwa pamoja na kwamba hakuwahi kumwona hivyo tangu utoto.

Ungetegemea nimrukie Wani shingoni, au nipige magoti nimshukuru Mungu kwa figo zangu. Nitasema ukweli. Neno la kwanza lililonitoka, mbele ya wakwe zangu wote, lilikuwa swali.

"Ulichukua ya juu au ya chini?"

Kwa sababu dhahabu ni nzito. Inazama.

Keji ndiye aliyenitazama mimi, kisha kaka yake, muda mrefu.

"Nyinyi wawili," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshachagua shuka ya kumzikia."

Akaingia ndani, na siku kadhaa hakutusemesha sote wawili. Chakula kilikuja kwa mkono wa Aseru, na nilijifunza kula kwa kuinamia sahani.

Tulirudi kwa Daktari Ezaru, mimi na Wani na jerikani. Wani alisema kwamba sehemu ilisahaulika Koboko wakati wa kuhamisha. Alisema akitazama dari. Daktari alifungua kifuniko, akanusa, akafunga haraka. Mkojo uliokaa miezi hausaidii maabara yoyote duniani. Hakutugombeza. Aliniambia kipimo kinarudiwa, na safari hii nitakusanya nikiwa nimelazwa hapo hapo, mbele ya macho ya sista. Wani akaambiwa asubiri nje ya geti.

Wodini hakuna mama mkwe, nami nilikojoa kwa uhuru wa mbunge. Chombo kilijaa. Dawa za mashine zilikuwa zimefika, damu ikachukuliwa, figo zikaonekana zinafanya kazi. Sista aliponiambia nilimshika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili inayotetemeka, tukatetemeka pamoja, na yeye akaniacha.

Vidonge vilikuja kwa basi kutoka Kampala. Vinanuka mayai viza, nawe ukivimeza unanuka hivyo mwenyewe, jasho, pumzi na kila kitu. Humezwa kwa mizunguko, kipindi cha kumeza na kipindi cha kupumzika, na katika wa kwanza nilikuwa na kiti changu peke yangu kanisani. Nilitapika. Ngozi iliwasha. Mzunguko wa kwanza ulipita na ufuta ukichanua, na sikuona tofauti yoyote. Hapo ndipo wengi wanaacha, na nakuomba wewe usiache. Katika mzunguko wa pili, ufuta ukiwa umefungwa mashambani, niliamka nikagundua kwamba nimelala. Katika wa tatu ladha ya sarafu iliondoka, nikala samaki wakavu wa kuchanganya na simsim, yaani ufuta huo huo, nikalia juu ya sahani kama mtoto. Baada ya kila mzunguko mkojo ulikusanywa upya, na kila mara namba ya Daktari Ezaru ilishuka kidogo.

Lakini ile siku ya jerikani, kabla hatujatoka ofisini, alikuwa ameniuliza swali ambalo sikulipa uzito. Aliuliza nani mwingine alikuwa anakaa katika nyumba ile. Nikamwambia mke wangu tu, na mtoto, ila wao hawachomi. Akasema waje.

Aseru alipimwa, ikabidi bibi yake amwimbie ndipo akubali kukojoa kwenye kikombe cha watu. Yeye alikuwa safi. Alikuwa ameondoka mapema, na hata alipokuwapo alishinda nje na watoto wa jirani. Keji hakuwa safi. Zebaki ilikuwamo, chini ya yangu, lakini ilikuwamo. Kile kichwa chake. Ile chumvi mara mbili. Daktari alimwambia kwa kiwango chake atasafika taratibu akiwa mbali na moshi, atapimwa mara kwa mara, hatahitaji vidonge sasa. Keji alisikiliza, akauliza kama angeweza kuwa amempa mtoto alipokuwa akimnyonyesha, na daktari akamwonyesha tena karatasi ya Aseru. Tulitoka tukakaa kwenye ile benchi. Nilitaka kusema kichekesho. Nilikitafuta mwilini mwote, hakikuwapo.

Nyumba ya Ediofe tuliiacha. Jiko lilibomolewa mpaka msingi. Sasa tunakaa upande wa pili wa mji, nauza vipuri vya baiskeli, na Wani ameacha dhahabu pia, ingawa alipimwa kwa kuburutwa. Keji na Aseru walirudi kiangazi kilipoanza, majani yakichomwa vilimani. Sikuwa na mikono kamili bado. Aseru alikuja mwenyewe akakaa mapajani, akaichukua mikono yangu akaifunga mbele ya tumbo lake kama mkanda, akasema, "Baba, inacheza kidogo tu."

Siku ya kipimo cha mwisho tulikwenda mimi na Keji. Namba yangu ilikuwa imefika mahali ambapo daktari aliridhika. Yake pia ilikuwa inashuka. Daktari Ezaru aliniambia niandike jina langu kwenye karatasi, nikaliandika, likasomeka, akaligeuza kumwonyesha Keji. Redio ilikuwa inaanza kurudi hewani, nami nikaona ni wakati wa kuuliza kile nilichokiweka moyoni tangu jerikani ya kwanza. Nilimshukuru kwa yote. Kisha nikamwambia kwamba silalamiki, hospitali nayo inahitaji kuishi, lakini kwa kuwa mkojo wangu umekwenda Kampala mara nyingi, na wa mke wangu pia, je, ile dhahabu iliyotoka humo, mwenyewe anaweza kuomba hata sehemu ndogo?

Keji akafunika uso kwa kiganja. Daktari alinitazama aone kama nacheka. Alipoona sicheki, alivuta kiti chake karibu.

"Andama, dhahabu haikupanda na moshi. Ingepanda, mngekuta karai tupu. Ilibaki pale chini, mkauza yote. Iliyopanda ni zebaki peke yake, na iliingia kwa kila mtu aliyekuwa anapumua hapo, wewe uliyechoma na huyu aliyekuwa anapika. Kwa mkojo wenu hakuna dhahabu. Haikuwamo hata siku moja."